Kipande Kidogo Nilichokitosha



Mwezi huu sitawaletea habari ya ndoa wala ya masomo ya watoto. Ninataka kuwaelezea habari ya kipande kimoja cha motokari, kipande kinachoingia chote ndani ya kiganja cha mukono. Pengine mama mumoja atasema: «Hiyo ni maneno ya wanaume wa garaji, inanihusu nini?» Mama, ngoja kidogo. Wewe na watoto wako munapanda motokari kila juma, munaenda soko, munaenda hopitali, munaenda kanisa. Soma mupaka mwisho.

Kipande hicho sisi mafundi wa huku tunakiita repartitere. Kazi yake ni kugawanya nguvu ya freni kati ya magurudumu ya mbele na magurudumu ya nyuma. Watu wengi wanaendesha motokari miaka makumi bila kujua kama kipo. Mimi mwenyewe nilikuwa fundi nusu, nikakiona kwa macho yangu, nikakishika kwa mikono yangu, na sikujua. Kwa sababu hiyo mutoto wa watu alivunjika mguu. Miaka mingi niliona haya kusema habari hii mbele ya watu. Leo ninaisema, kusudi kijana mumoja anayesoma ukurasa huu asianguke pale nilipoanguka.

MOTOKARI NYEKUNDU YA MUZEE

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa ninajifunza kazi ya mekanike hapa Likasi, katika garaji ya baba mudogo wangu. Inchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire, na Katanga yetu ilikuwa inaitwa Shaba. Wakubwa wanakumbuka: ulikuwa wakati wa shida. Mishahara ya mine ilikuwa inachelewa miezi na miezi. Watu walikuwa wanauzisha viti na mashini za kushona kusudi wapate unga wa siku mbili.

Katika mutaa wetu kulikuwa muzee mumoja aliyekuwa amekwisha kuacha kazi sababu ya miaka yake. Alikuwa na motokari ambayo vijana wote waliijua: Fiat 124 Sport Coupé nyekundu, milango miwili, kapo refu, vioo vipana. Injinia mumoja Muitalia alimuachia motokari hiyo wakati alipotoka katika inchi, mwaka 1974. Muzee aliipenda sana. Kila siku ya posho aliiosha kwa mikono yake, na hakumuruhusu mutoto yeyote kuegemea mulango.

Niwaambie kidogo juu ya motokari ile. Fiat 124 ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1966, kule Torino katika Italia. Mwaka 1967 waandishi wa magazeti ya motokari kule Ulaya waliichagua kuwa motokari ya mwaka. Katika mwaka uleule wa 1967 ikatoka ndugu yake ya kukimbia, ile Sport Coupé, yenye motere ya santimetri cubes 1438. Aliyeichora motere ile ni fundi Aurelio Lampredi, yule ambaye mbele yake alikuwa amechora motere za Ferrari. Waliitengeneza mupaka mwaka 1975.

Lakini jambo ninalotaka mulikumbuke ni freni zake. Wakati ule motokari nyingi za bei ya katikati zilikuwa na freni za tamburi kwa nyuma. Fiat 124 ilikuwa na disike kwa magurudumu yote mane. Na juu ya ponti ya nyuma, ni kusema kile chuma kirefu kinachobeba magurudumu mawili ya nyuma, waliweka repartitere. Watu wa Torino hawakufikiri tu namna motokari itakimbia. Walifikiri vilevile namna itasimama.

Wakati wa njaa ile, motokari ya muzee iliacha kuwa motokari ya furaha. Ilianza kubeba unga, makala na watu, kati ya Likasi na Kambove. Muzee aliinamisha kichwa, akaweka magunia pale alipokuwa anawakataza watoto kukanyaga.

«NI KAZI YA DAKIKA KUMI»

Katika mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule, baba mudogo alienda Lubumbashi kwa kilio cha ndugu yetu. Aliniachia funguo za garaji. Mbele ya kuondoka aliniambia: «Mafuta ya motere, unaweza kubadilisha. Pine, unaweza kufunga. Freni na direksio, unaniongoja.» Nilimujibu: «Ndiyo, baba mudogo.»

Siku iliyofuata muzee akafika. «Mutoto, freni inaanza kunizarau. Ninakanyaga, pedali inashuka mupaka chini.» Nilimuambia baba mudogo hayupo. Akanijibu: «Na weye uko nani hapa? Hauko fundi?»

Ndugu kijana, neno lile liliniingia kama pombe. Nikaingia ndani ya foso na taa. Nikaona mafuta ya freni yanatona kutoka kwa kipande kimoja cha chuma kilichofungwa kwa bodi, juu ya ponti ya nyuma. Bomba moja iliingia, bomba ikatoka. Kwa pembeni kulikuwa fimbo ya chuma inayokiunganisha na ponti. Sikujua ni kintu gani. Nilizunguka muji muzima siku mbili nikitafuta kipande kama kile. Hakuna. Fiat zilikuwa zimekwisha kuwa chache, na maduka ya vipande vyake yalikuwa yamefungwa.

Basi nikafanya akili, kama tunavyosema. Nilijisemea: mafuta yanaingia huku, yanatoka kule, kipande cha katikati ni cha nini? Nikakitosha. Nikakata bomba ya shaba ya frigo moja iliyokufa, nikaunganisha moja kwa moja. Ni kazi ya dakika kumi. Nikatoa hewa katika bomba, nikakanyaga pedali: ngumu kama jiwe! Muzee akaenda kuijaribu katika mutaa, akarudi anacheka. «Sasa njo freni! Hata wakati ilikuwa mupya haikushika hivi.» Akanipa kilo tano za unga. Mama yangu alipika bukari siku ile, na mimi nilikula kama mutu mukubwa. Kipande kile nilikitupa ndani ya sanduku la vyuma vya bure.

Siku mbili zilipita. Muzee alienda, alirudi, magunia nyuma, watu ndani. Freni nzuri. Nilianza kufikiri kama baba mudogo atarudi, ataniongezea kazi.

MVUA

Baba mudogo alirudi siku ya tatu, saa nane ya mchana. Mbele hata ya kunywa maji alitembea ndani ya garaji, akiangalia kila kintu, kama desturi yake. Akafika kwa sanduku la vyuma. Akainama. Akatoa kile kipande, akakigeuza-geuza katika mukono.

«Hii iko ya Fiat ya muzee.»

«Ndiyo, baba mudogo. Ilikuwa inavuja. Niliitosha.»

«Ukaweka nini pa fasi yake?»

«Bomba. Freni inashika sana, muzee mwenyewe alisema...»

Hakuniacha nimalize. «Chukua kinga (velo yangu ile) ukimbie. Umuambie asipande ile motokari. Mvua inakuja.»

Nilikimbia. Kwa nyumba ya muzee nikamukuta bibi yake anaanua nguo. Aliniambia muzee ameondoka sasa hivi kwenda Kambove kuchukua makala. Motokari ilikuwa tupu. Alikwenda na mujukuu wake tu, kijana wa miaka nane, aliyekuwa analia kwamba hajapata bado kutembea na babu yake. Nikiwa ningali pale kwa mulango, mvua ikaanza.

Jioni lori moja ilileta habari. Katika muteremuko, kabla ya viraji, mbuzi aliingia katika barabara. Muzee alikanyaga freni. Matako ya motokari yakakimbia, yakataka kupita kichwa. Motokari ilijigeuza yote, ikaingia katika mufereji kwa ubavu. Muzee alipata majeraha kidogo kwa uso. Mujukuu alivunjika mguu wa kuume, mufupa wa paja.

Usiku ule nilienda hopitali. Hakuna mutu aliyenituma. Baba mudogo alinifuata nyuma, lakini hakusema neno, na kwa mulango wa chumba akasimama, akaniacha niingie peke yangu. Mama ya mutoto alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nilipiga magoti. Nikamuambia yote: kipande, bomba ya frigo, unga wa kilo tano.

Aliniangalia muda murefu. Hakulia, hakupandisha sauti. Aliniuliza:

«Ulijua kazi ya ile kintu ulitosha?»

«Hapana, mama.»

«Sasa ulijua namna gani kama haina kazi?»

Mupaka leo sijapata jibu. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, mazuri sana, na mengine nimesahau. Ulizo lile la mama sijalisahau hata siku moja.

Muzee alikuwa kwa kitanda cha pili, kitambaa kwa kichwa. Alisema polepole: «Umuache, binti yangu. Mimi pia nilifurahia nguvu, sikuuliza kitu.»

KWA NINI MATAKO YA MOTOKARI YALIKIMBIA

Kesho yake baba mudogo hakunipiga, hakunifukuza. Alinikalisha chini, akaniambia: «Umepata kupanda ndani ya bene ya lori?» Nikasema ndiyo. «Shofere akifunga freni gafula, watu wanakwenda wapi?» Nikasema: «Wote wanakimbilia mbele.» «Basi, uzito wa motokari nao unafanya vilevile.»

Sikilizeni vizuri, wasomaji. Wakati motokari inatembea pole, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanagawanya uzito. Ukikanyaga freni kwa nguvu, pua ya motokari inainama, na nyuma inanyanyuka. Uzito unaenda mbele. Magurudumu ya mbele yanakandamizwa kwa barabara, yanaweza kupokea freni nyingi. Magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Ukiyapa freni ileile unayoyapa ya mbele, yanafungwa, yanaacha kuzunguka, yanateleza. Na gurudumu la nyuma linaloteleza halishiki njia tena. Kwa hiyo nyuma inataka kupita mbele, na motokari inajigeuza. Magurudumu ya mbele yakifungwa kwanza, hiyo nayo ni hatari, sababu volan haisikii tena. Lakini motokari inaendelea moja kwa moja na shofere anaweza kulegeza pedali. Yale ya nyuma yakifungwa kwanza, shofere wengi hawapati nafasi ya kufanya kitu.

Ndiyo sababu ya repartitere. Ndani yake muna pistoni ndogo na makaucho. Ile fimbo ya chuma inaunganisha repartitere na ponti ya nyuma. Motokari ikibeba muzigo, bodi inashuka, fimbo inasukuma pistoni, njia inabaki wazi, na mafuta yanapita kwa nguvu kwenda nyuma, kwa sababu nyuma ni nzito na inaweza kupokea. Motokari ikiwa tupu, au pua ikiinama, bodi ya nyuma inanyanyuka, fimbo inalegea, pistoni inapunguza nguvu inayoenda nyuma.

«Siku mbili muzee alibeba magunia,» baba mudogo aliniambia. «Muzigo ulificha kosa lako. Siku ya tatu hakubeba kintu, na mvua ikanyesha. Freni mingi haiko freni muzuri. Freni muzuri iko ile inajua kila gurudumu inabeba nini.»

KUTENGENEZA

Kiisha aliniambia: «Ile motokari utaitengeneza weye. Mimi nitakaa pembeni.» Nilishangaa. Nilifikiri hatanipa tena hata funguo ya kufungua pine.

Tuliivuta mupaka garaji. Kazi ya bodi ilichukua majuma. Lakini repartitere ilikuwa kazi yangu. Nilipoifungua nilikuta ndani maji meusi na kutu kidogo. Mafuta ya freni yana tabia hiyo: yanavuta maji kutoka katika hewa. Miaka ikipita bila kubadilishwa, yale maji yanakula chuma, na makaucho yanakauka. Ile repartitere haikuharibika kwa sababu ilikuwa mubaya. Iliharibika kwa sababu hakuna mutu aliyeiangalia miaka 20.

Tulikuwa na bahati: tundu ambamo pistoni inatembea halikuchimbika. Lingechimbika, tungetafuta repartitere nyingine, kwa sababu ukilisugua kwa karatasi ya msasa unaongeza nafasi, na mafuta yatapita. Nilisafisha vipande vyote kwa alkoli. Baba mudogo alinikataza kabisa petroli, sababu petroli inavimbisha makaucho ya freni.

Makaucho mapya yalikuwa wapi? Si Likasi, si Lubumbashi. Mama mumoja wa biashara aliyekuwa anapita Kasumbalesa alitusaidia. Katika miaka ya 1970 kule Livingstone, Zambia, kulikuwa kiwanda kilichokuwa kinaunganisha motokari za Fiat, na kwa hiyo upande ule wa mupaka vipande vyake vilikuwa havijaisha. Alileta makaucho ya repartitere kutoka Kitwe ndani ya kibuyu cha siagi, kati ya vitambaa. Nilimulipa kwa kukata kuni na kutengeneza velo za watu miezi miwili. Nililipa mwenyewe. Baba mudogo hakuongeza hata makuta.

Nilipaka makaucho mafuta ya freni mapya, nikayaingiza kwa vidole, si kwa turnevisi. Nikatupa bomba ya frigo, tukaweka bomba ya chuma ya freni kweli. Nikanyanyua motokari kwa kriki, magurudumu ya nyuma yakaning'inia, nikaanza kutoa hewa. Nikafungua kwa gurudumu la nyuma: mafuta yanatoka kidogo tu, kama machozi. Nikajaribu tena na tena. Baba mudogo aliketi juu ya pine, akiniangalia. Mwisho aliniuliza: «Ponti inaning'inia. Repartitere inafikiri nini?» Ndipo nikaelewa. Ponti ikining'inia, repartitere inafikiri nyuma hakuna uzito hata kidogo, inapunguza njia! Nikashusha motokari juu ya magurudumu yake, katika foso, na mafuta yakatoka vizuri. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pompi kubwa ya freni, tukamalizia na lililo karibu.

Halafu ikabaki kipimo. Motokari tupu, juu ya magurudumu yake, tukaisukuma chini mara kadhaa kusudi resori zikae pahali pake. Nikalegeza nati za repartitere, nikaisogeza polepole mupaka fimbo ikagusa pistoni bila kuisukuma, nikakaza. Milimetri chache tu. Lakini katika milimetri zile kulikuwa mguu wa mutoto.

Tuliijaribu katika kiwanja kikavu cha udongo, hakuna mutu karibu, mwendo mudogo kwanza. Kila mara baba mudogo alishuka kuangalia alama. Tulitaka alama za mbele zionekane kwanza, na za nyuma zisitangulie. Kiisha tukaweka magunia mawili ya muchanga nyuma, tukajaribu tena. Muzee alikuwa pale, amesimama na fimbo. Mujukuu wake alikuwa ameketi juu ya kiti, mguu ndani ya plasta. Motokari iliposimama sawa mara ya mwisho, mutoto akapiga mikono. Mimi nilienda nyuma ya mutaro, nikalia.

KIPIMO NYUMBANI

Wapendwa, miaka imepita. Baba mudogo alitutoka. Mimi sasa ninaitwa muzee wa garaji, na nina watoto. Mara nyingi nimefikiri juu ya namna alivyonitendea. Usiku wa hopitali hakunisemesha hata neno, sababu aliona nilikuwa nimekwisha kufungwa kama gurudumu tupu. Neno moja zaidi lingenigeuza na kunitupa katika mufereji. Lakini alipoona nimesimama, aliniwekea muzigo, na kadiri nilivyobeba, ndivyo alivyonikaza zaidi. Hakunionea huruma kwa feza za makaucho, hata makuta.

Sisi wababa tunapenda freni kali. Tunakanyaga pedali moja kwa watoto wote: yule mukubwa mwenye nguvu, na yule mudogo ambaye hana kintu cha kumushikilia chini. Kiisha tunashangaa kuona mumoja anateleza na kupotea. Mababa wengine wametosha freni kabisa, wanasema watoto watajiongoza. Yote mawili ni kufanya kazi bila kipimo. Kitabu cha Mezali kinazungumza juu ya mizani ya kweli. Zamani nilifikiri ni maneno ya watu wa soko tu. Sasa ninajua ni maneno ya nyumba vilevile.

KWA VIJANA WA GARAJI NA KWA WENYE MOTOKARI

Musizani kama habari hii ni ya Fiat za zamani tu. Motokari nyingi mupya zina kompyuta inayogawanya freni. Lakini pikap nyingi za Toyota Hilux za miaka iliyopita, zinazobeba watu na mizigo katika barabara zetu za mine, zina repartitere juu ya ponti ya nyuma, na fimbo yake. Ninaziona kila juma: fimbo imekatwa, au imefungwa kwa waya, au bomba imepita moja kwa moja. Basi ninawaomba:

Moja. Repartitere ikivuja, itengenezwe au ibadilishwe. Usiiruke kwa bomba.

Mbili. Ukiongeza malame ya resori kusudi pikap ibebe zaidi, nyuma inanyanyuka, na repartitere inadanganyika: inafikiri motokari ni tupu. Itapunguza freni ya nyuma hata wakati umebeba tani moja. Rudisha kipimo cha fimbo kadiri ya kitabu cha fabrika.

Tatu. Badilisha mafuta ya freni kila miaka miwili. Mafuta ya DOT 4 mapya hayachemki mbele ya digri 230. Yakikunywa maji, yanaweza kuchemka kwa digri 155. Katika muteremuko mrefu, mafuta yanayochemka ni pedali inayoshuka chini bila kitu.

Ine. Usitie kamwe mafuta ya motere wala maji ya sabuni katika freni. Yanaharibu freni.

Tano. Kintu usichojua kazi yake, usikitupe. Uliza kwanza. Kuuliza si haya.

Yule mutoto wa mwaka 1994 sasa ni baba mwenye familia, na anaendesha pikap kwa kazi yake. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, mguu wake ungali unamuuma. Kila anapoleta motokari kwangu hanisalimii kwanza. Anachungulia chini ya motokari, anacheka, na kuniuliza: «Baba, repartitere ingali?»

Ninainama na taa, ninaangalia kila mara, hata kama niliangalia juma lililopita. Kiisha ninamujibu: «Ingali, mutoto wangu. Enda pole.»

Mungu awalinde katika safari zenu.